Dada Gaude, Nimeudaka Ungo Wao

Dada Gaude,

Nimesimama kwenye ile kona pana ya mlima wa Muze, yenye jiwe kubwa, mahali ulipokuwa unapumzisha injini ukipanda kutoka bondeni. Pikipiki yako imechemka. Ilianza kukosa nguvu nikiwa gia ya kwanza, nikakumbuka ulivyosema nisiilazimishe, nikaiegesha kivulini. Nimekalia jiwe, karatasi nimeikandamiza kwa goti ili upepo usiichukue. Bonde lote liko chini yangu, ziwa linaonekana jeupe kwa mbali, na vumbi la lori la mpunga bado halijatua kwenye barabara niliyotoka. Juu, nyuma ya miti, kuna Ntendo, halafu lami, halafu Mazwi. Nyumbani wananisubiri. Na kule chini nilikoaga asubuhi hii wanadhani mambo yamekwisha.

Nyuma ya kiti, pale ulipokuwa unafunga kisanduku cha barafu chenye chanjo za ng'ombe, nimefunga ungo. Huo ungo ndio unaonifanya nikuandikie. Nisipokueleza wewe sijui nitamweleza nani, kwa sababu watu wote ninaowajua wana upande.

Ulipougua nilikuja kwako na begi dogo. Nilijua nitakaa wiki moja, nikusaidie kumwogesha mwanao Zita na kufua, kisha nirudi kwenye chumba changu na darasa langu la kemia. Tulikuzika mvua zikiwa ndiyo kwanza zinaanza, na udongo ulikuwa mzito kwenye majembe. Baada ya msiba watu waliondoka mmoja mmoja, mimi nikabaki kwa kuwa Zita alikuwa ameshika sketi yangu. Hivyo tu. Hakuna siku niliyoamua kuishi kwako. Nilipeleka nguo chache zaidi, kisha vitabu, kisha mwenye chumba akaniuliza kama bado nakihitaji, nikasema hapana.

Halafu muuza genge wa pale kwenu akaanza kuniita Mama Zita. Mwanzoni nilimsahihisha. "Mimi ni mama yake mdogo," nikamwambia. Akasema, "Haya, Mama Zita, nyanya za leo nzuri," na wenzake wakacheka, na mimi nikacheka, maana hakukuwa na ubaya ndani yake. Baadaye nikaacha kusahihisha. Unajua mimi nilivyo, nikichoka kueleza jambo nanyamaza, na watu wanadhani nimekubali.

Shemeji Deo alikuwa anarudi kutoka kwenye karakana yake ya kuchomelea mageti, anakula akiangalia sahani, anasema "Asante, Shemeji," anaondoa kiti, anakwenda kulala. Sina kosa la kumsema. Hajawahi kunitazama vibaya. Wakati mwingine nilimsikia chumbani kwenu akisogeza vitu, akivirudisha palepale vilipokuwa. Nilikuwa nalala na Zita kwenye kile chumba kidogo chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, nikiusikiliza upepo unavyotikisa bati, nikijiambia kwamba huyu mtoto akizoea, nitaondoka. Alizoea. Alinizoea mimi.

Baada ya Pasaka Bibi Zita, mama mkwe wako, alipanda kutoka Mtowisa na Savery, kaka yake Deo. Walikaa sebuleni kwako na Baba akaitwa. Mimi nilikuwa jikoni napika ugali wa ulezi, nikasikia sauti zinashuka. Baba akaniita, nikapiga magoti kando ya mlango, na Bibi Zita akasema kwa upole sana, akanitazama machoni, kwamba mtoto wa kike halelewi kwenye nyumba isiyo na mwenyewe. Kwamba atamchukua akae naye kwa muda. Na kwamba kwao mwenye nyumba akifa na ana mdogo wake, wanarudi kwenye mlango uleule waliobisha mwanzo.

Sikuelewa. Au nilielewa nikasubiri mtu mwingine aseme kwamba sijaelewa vizuri. Walipoondoka na Zita, Baba alinieleza. Kwa ukoo wa akina Deo jambo hili halijibiwi kwa mdomo. Mama wa mwanamume anatoa ungo wenye mbegu ya ulezi. Mdogo wa marehemu akiupokea, ameichukua nyumba ya dada yake, mume, mtoto na shamba. Akiuacha pale chini ulipowekwa, hakuna anayemuuliza kwa nini, watu wanakunywa togwa na kuagana. Lakini hapo mtoto anabaki kwa bibi yake.

"Na ukipokelewa, haujawahi kurudishwa," Baba akasema. "Kurudisha ni kama kumwambia marehemu kwamba nyumba yake ilikuwa na laana."

Nikamuuliza yeye anataka nini. Akanyanyua mabega ndani ya koti lake. Unalijua lile koti, na unajua anavyojificha humo.

"Mimi sikulazimishi, mwanangu. Mimi nauliza tu. Mtoto wa Gaudensia atalelewa na nani?"

Dada, laiti wangenilazimisha. Ningejua pa kusukuma. Lakini kila mtu amekuwa mpole kwangu kama watu wanavyokuwa wapole kwa mgonjwa. Mwalimu mkuu aliniambia nafasi za karibu na nyumbani anaweza kunitafutia. Mwanakwaya mwenzako alinishika mkono baada ya misa akasema Deo ni mwanamume mtulivu, na mimi nikakubali, kweli ni mtulivu. Usiku nilikuwa nalala nikihesabu sababu zangu za kukataa, na asubuhi zote zinaonekana za mtu mbinafsi. Simpendi Deo kama mume. Sitaki kulala upande wako wa kitanda. Nataka kusoma zaidi, nataka kufundisha mahali ambapo hakuna anayejua mimi ni mdogo wa nani. Ukiziweka hizo sababu mbele ya mtoto mwenye umri wa miaka minne anayelia bondeni, zinakuwa ndogo sana.

Savery alipiga simu wiki hii. "Mpunga umeshavunwa, watu wana nafasi. Njoo umsalimie mtoto, Shemeji. Njoo na jibu." Deo alisema atanipeleka. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe, kwa pikipiki ya Gaude. Akatoka nje akaenda kujaza upepo kwenye matairi.

Kwa hiyo jana asubuhi nikavaa koti lako la kahawia, nikafunga kitenge kichwani ili kofia yako isicheze, nikatoka. Baridi ya mwezi huu unaijua. Mpaka Ntendo vidole vilikuwa vimekufa juu ya klachi. Pale njia panda vijana wa bodaboda walikuwa wanaota jua.

"Sista, hiyo pikipiki unaiendesha au inakuendesha?" mmoja akasema.

Mwingine akamsukuma. "Mpishe wewe. Huyo si daktari wa ng'ombe? Alikuwa wapi siku zote hizi?"

"Mambo, daktari," wakasema wote.

Nikasema poa. Sikuwaambia. Nikakunja kona nikaingia barabara ya vumbi nikiwa wewe, na kwa muda mfupi lilikuwa jambo zuri.

Lakini sikiliza. Mlima nilishuka vizuri. Nataka ujue hilo. Mara ya kwanza uliponipakia huku, nikiwa kidato cha nne, ulizunguka nyuma ukanipa usukani kwenye kipande kisicho na korongo, ukasema, "Usizime injini kama wale wanaobana mafuta. Kaa gia ya chini, iache injini ikushike. Breki ni ya kusalimia tu." Jana nilikuwa nasema hayo kwa sauti ndani ya kofia. Kila kona ilikuwa na kitu chake. Nyani wamekaa barabarani kama wazee kwenye baraza. Wanaume wanasukuma baiskeli za mkaa kwenda juu, vichwa vimeinama, hawana pumzi ya kuitikia salamu. Halafu miti inapungua na bonde linafunguka upande wa kushoto, ukungu wa asubuhi bado umelala chini, na jua limeshafika kwenye ziwa. Nilipiga kelele. Hakuna aliyenisikia. Sijapiga kelele ya furaha tangu ulipougua, na niliipiga nikiwa nakwenda kujibu jambo ambalo sitaki kulijibu.

Nilikuwa nimeamua, Gaude. Kutoka kwenye kona hii mpaka Muze nilikuwa nimeamua kabisa. Wataweka ungo, nitakaa mbele yake kwa heshima, mikono yangu itabaki mapajani. Kisha nitaomba kwa mdomo wangu mtoto aruhusiwe kuja kwetu wakati wa likizo. Watakataa. Nitaomba tena mwakani.

Muze nilivua koti, joto lilikuwa limeshapanda. Kutoka pale mpaka Mtowisa ni mchanga na makorongo yaliyokauka, na ng'ombe. Mara mbili nilianguka na pikipiki mchangani. Wachungaji wakaniinua, mmoja akauliza kama nimebeba chanjo. Wengi kule hawajui kwamba umekufa. Huyo nilimwambia. Akavua kofia, akasema ulikuwa unawakemea wanaume wazima kuhusu dawa ya kupe.

Zita aliniona kwanza. Amekuwa mweusi kwa jua, miguu ina vumbi mpaka magotini, anachanganya Kifipa na Kiswahili kwenye sentensi moja. Alikimbia akasimama hatua chache kutoka kwenye pikipiki, akaitazama, akaitazama tena kofia kabla sijaivua. Nilijua anachotazamia. Nikaivua upesi.

"Mama mdogo," akasema. Halafu, "Umekuja kunichukua?"

Nikamwambia nimekuja kumsalimia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu mzima aliyepewa taarifa ofisini.

Wanamtunza vizuri. Siwezi kusema uongo. Analala kwenye godoro safi, anakula samaki wa ziwani na wali mpya, bibi yake anamsuka. Lakini jioni jana alikaa kwenye mapaja yangu akaniuliza kama nyumba ya Mazwi bado ipo, au na yenyewe imekufa. Nikamwambia ipo. Akauliza nani anaishi. Nikasema baba yako. Akauliza, "Na wewe?" Kila jibu nililofikiria lilikuwa na ungo ndani yake.

Leo asubuhi wakatandika mikeka uani. Shangazi zake Deo walikuwapo, na Savery, na majirani wawili wa kushuhudia. Nikapiga magoti, nikamsalimia kila mmoja. Bibi Zita alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, miguu inamsumbua siku hizi, imevimba. Nilikuwa tayari. Macho yangu yalikuwa kwenye mikono yake.

Ungo haukutoka mikononi mwake. Ulitoka ndani ya nyumba, umebebwa na Zita.

Sijui kama ilipangwa. Nimefikiri njia nzima na bado sijui. Bibi Zita hawezi kuinama, na labda kweli alimwambia tu mtoto alete ungo. Ulikuwa umejaa ulezi mpaka ukingoni. Zita aliubeba kwa mikono iliyonyooka, ulimi umetoka pembeni kwa bidii, anatembea kwa hatua fupi, na wote walikuwa wanamtazama na anajua wanamtazama. Alipofika karibu nami mguu ukakanyaga ukingo wa mkeka. Ungo ukainama. Mbegu zikaanza kukimbia upande mmoja na uso wake ukabadilika, ule uso wa kabla ya kulia, ambao ni uso wako.

Nikaudaka. Kwa mikono miwili.

Dada, hakuna mtu aliyelelewa na mama yetu ambaye angeuacha uanguke. Chakula, na mtoto aliyekibeba. Mikono haikuniuliza. Na kabla sijajua nimefanya nini vigelegele vikapanda, shangazi wakawa wamesimama, wananipiga piga mgongoni, na Savery akasema, "Mnaona? Tulitafuta gari la kumfuata bibi harusi, kajileta mwenyewe na pikipiki." Mmoja wa shangazi akasema mimi nimekonda, Deo atalalamika, wali upo wa kutosha kunirekebisha. Walicheka. Kilikuwa kicheko kizuri cha watu wanaofurahi kweli.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno, niliyafundisha kinywa changu mlima mzima. Lakini Bibi Zita alikuwa analia. Alisema, "Asante, mwanangu. Nilikuwa naogopa kufa nimuache huyu hana mtu." Na Zita alikuwa ananitazama kwa fahari, kwa kuwa hakumwaga hata kidogo. Kama ningeusukuma ule ungo, angeona kwamba alichokibeba vizuri namna ile kimekataliwa. Nikaushikilia. Mikono ilikuwa inauma. Nikanyamaza, na unajua ninaponyamaza watu wanafikiri nini.

Wakasema Savery atampandisha Zita Jumamosi. Wakamimina ulezi kwenye kitenge, wakakifunga fundo, wakanisaidia kufunga kitenge na ungo nyuma ya kiti. Zita alikimbia pembeni ya pikipiki mpaka kwenye mti wa mwisho, akipunga, akisema, "Jumamosi, Jumamosi."

Nimepanda mlima huu kama mtu aliyefungwa kamba kiunoni. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine korongo, na lori mbele linapanda taratibu, siwezi kulipita wala kurudi nyuma. Nilipofika kwenye kona hii simu ikashika mtandao na ujumbe ukaanza kuingia. Wa Baba ulikuwa wa kwanza. "Hongera mwanangu. Leo nitalala vizuri." Alikuwa ameshapigiwa. Nikausoma, nikahisi mlango umefungwa taratibu na mtu anayenipenda.

Nikampigia Deo. Nilisikia mashine ya kusagia chuma, kisha ikazimwa.

"Nimesikia, Shemeji," akasema.

"Umesikia nini?"

"Kwamba umepokea."

"Na wewe unataka?"

"Hakuna aliyeniuliza," akasema.

"Nakuuliza mimi."

"Skola." Hajawahi kuniita kwa jina. "Kila nikiingia ndani nasikia Gaude ananiambia nivue viatu. Sitaki mtu mwingine aniambie. Lakini nikisema hivyo kwa mama, mtoto atabaki kule. Nikaona ninyamaze."

Gaude, tumekaa kwenye nyumba moja miezi yote hiyo, yeye na sahani yake, mimi na dirisha langu, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye kufuli.

Nikamwambia nafikiria kuurudisha. Nikamsikia anavuta pumzi. Akaniuliza kama najua kwamba haurudishwi. Nikasema najua. Akasema, "Sitakupinga. Mtu akiniuliza nitasema ni neno letu sote wawili." Halafu akaongeza, kwa sababu ni mkweli, "Ila kusimama mbele ya mama leo, mimi siwezi. Pengine baadaye." Sikumkasirikia. Nilimwambia ale.

Kwa hiyo nimekaa hapa, na nimekuandikia ili nisikie mwenyewe nikisema. Nikiendelea kupanda, Zita atakuja Jumamosi, atalala kwenye kile chumba kidogo, atafurahi. Na nitakuwa nimemfundisha kwamba mwanamke akidaka kitu kisianguke, kinakuwa chake milele. Ataolewa siku moja, atakuwa na mdogo wake au atakuwa mdogo wa mtu. Nikirudi chini, huenda wasinipe tena hata kumshika. Bibi Zita atalia tena na safari hii itakuwa kwa sababu yangu. Baba hatalala vizuri. Watasema nimeilaani nyumba yako, na wewe huwezi kusimama ukasema sivyo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nitakutumia kama sababu na huwezi kunijibu.

Lakini nakujua. Ulikuwa unashuka mlima huu peke yako kila wiki na watu walisema mambo, na hukuacha kushuka.

Nitaushika ungo kwa mikono yote miwili, kama nilivyoupokea, nitampa Bibi Zita mikononi, nikiwa nimepiga magoti. Nitasema kwa mdomo wangu kwamba mtoto nampokea, mume simpokei, na nyumba ya dada yangu haina laana, ina msiba tu. Nitaongea na Zita kabla ya wote, nimwambie hakukosea, alibeba vizuri kuliko mtu mzima. Wakinifukuza nitaondoka.

Na nakuahidi hili. Wakimbakiza bondeni, nitashuka kila Jumamosi isiyo na mvua. Wakinifungia mlango nitakaa kwenye pikipiki barabarani, aone kwamba nimekuja. Akifika umri wa shule nitapigania asome juu, na Deo atapigania pamoja nami, hilo nitamdai mpaka atimize. Nitamwambia habari zako, hata zile za kukemea wanaume kuhusu kupe. Sitamwacha aniite mama. Kwake mimi ni mama mdogo, nilikuwa hivyo siku aliyozaliwa, kabla ya ungo wowote.

Injini imepoa, nimeigusa. Jua bado liko juu, nitafika Mtowisa kabla halijazama nisipoanguka sana mchangani. Naogopa, dada. Pumzika wewe. Mimi nashuka.

Mdogo wako,
Skola